Farasi wa Berlin na Mtihani wa Mashine

Mwaka 1904, katika ua mmoja mjini Berlin, watu walikuwa wakikusanyika kumtazama farasi anayejua hesabu. Jina lake Hans. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu, na alikuwa amemfundisha farasi huyo kwa miaka kadhaa kama afundishwavyo mtoto wa darasa la kwanza: kwa ubao, kwa vitu vya kuhesabia, na kwa kipande cha karoti kila alipopatia. Ukimuuliza mbili ongeza tatu, Hans alipiga kwato chini mara tano, akaacha. Alijumlisha sehemu. Alitaja tarehe. Von Osten hakutoza kiingilio, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema mzee anatafuta pesa. Na kilichowachanganya watu zaidi ni kwamba Hans alijibu hata wageni walipomuuliza, mwenyewe akiwa hayupo.

Mwezi Septemba mwaka huo iliundwa kamati chini ya Carl Stumpf, mwanasaikolojia mkubwa wa Chuo Kikuu cha Berlin. Ndani yake alikuwamo daktari wa mifugo na hata mtu wa sarakasi, ambaye hila za kufundisha wanyama alizijua zote. Wakachunguza, wakasema hawaoni udanganyifu.

Aliyefumbua fumbo ni Oskar Pfungst, kijana aliyefanya kazi na Stumpf, na njia yake ataielewa yeyote aliyewahi kusimamia mtihani. Mtu mmoja alimnong'oneza farasi namba sikioni. Wa pili akamnong'oneza nyingine. Sasa Hans atakiwe kuzijumlisha, ilhali hapo uani hakuna binadamu hata mmoja anayejua jumla yake. Hans akapiga kwato ovyo. Pfungst akamziba macho kwa pembeni asimwone muulizaji, akakosea tena. Ndipo ukweli ulipojitokeza. Muulizaji akishamaliza swali huinamisha kichwa kidogo kutazama kwato. Hesabu ikifika anapoitarajia, kichwa hunyanyuka kwa kiasi kisichofika upana wa ukucha, na mwenyewe hajijui. Hans alikuwa akiisoma ishara hiyo. Pfungst alichapisha matokeo yake mwaka 1907.

Von Osten hakuwa tapeli, na Hans hakuwa mjinga. Farasi alifaulu kwa haki, isipokuwa mtihani aliofaulu ni wa kusoma watu, na watu walidhani wanamtahini hesabu. Tangu siku hiyo kila mtahini anadaiwa swali moja: huyu aliyefaulu, amefaulu kwa kutumia nini? Historia ya kupima akili mnemba (wengine huiita akili unde, wengine akili bandia) kwa kuilinganisha na akili ya mtu ni historia ya swali hilo kusahauliwa, na kukumbukwa baada ya aibu.

Hata kabla ya Hans, aibu ya kwanza ilikwisha kupatikana. Mwaka 1770, mbele ya Malkia Maria Theresa mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha sanamu iliyovaa kilemba, imeketi nyuma ya kabati lenye ubao wa sataranji. Alifungua milango ya kabati mmoja baada ya mwingine, akamulika kwa mshumaa, na watazamaji wakaona magurudumu yenye meno tu. Kisha sanamu ikacheza, ikashinda. Mwaka 1809 Napoleon mwenyewe alicheza nayo. Ndani alikuwamo mtu, mchezaji hodari aliyejikunja kwenye kiti cha kuteleza, anayehamia upande wa pili kila mlango ulipofunguliwa, na kufuata mwendo wa kete kwa sumaku zilizokuwa chini ya ubao. Sanamu hiyo iliteketea kwa moto mjini Philadelphia mwaka 1854.

Wakati Pfungst akimziba farasi macho, Paris nako walikuwa wakitunga mtihani wa akili za watoto. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imelazimisha elimu ya msingi, na sasa ilitaka kujua ni watoto gani wanaohitaji msaada wa pekee darasani. Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao mwaka 1905: mazoezi 30, yanayoanzia kufuata kwa macho kiberiti kinachowaka, kutofautisha chokoleti na kipande cha mti, kurudia namba zilizotajwa, hadi maswali ya kufikiri. Binet alikusudia kumtafutia mtoto msaada. Kipimo kilipovuka bahari kikageuka muhuri wa kumgonga mtu usoni. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, askari wapatao milioni 1.7 walitahiniwa akili, na miongoni mwa maswali yalikuwamo ya kutambua chapa ya mafuta ya kupikia na mchezaji maarufu wa besiboli. Mhamiaji aliyeshuka melini juzi akikosa, baadhi ya wataalamu walisoma alama zake kama ushahidi kwamba taifa lake lina upungufu wa akili. Wahenga wa Kiswahili walikwisha sema akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mtihani huo ulitaka nywele za mtindo mmoja.

Katika ulimwengu huo wa mitihani ndimo Alan Turing alimotoa pendekezo lake. Mwaka 1950, katika jarida la falsafa liitwalo Mind, Mwingereza huyo aliona kwamba kuuliza kama mashine inafikiri ni kuingia kwenye mabishano yasiyo na mwisho. Akaweka mchezo mahali pake. Mtahini anakaa chumba kimoja, mtu na mashine wako kwingine, na mazungumzo yote ni ya maandishi. Mtahini akishindwa kujua yupi ni yupi, tuna sababu gani ya kuinyima mashine heshima tunayompa mtu?

Katika makala hayo kuna mfano mdogo unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mtahini anauliza jumla ya 34957 na 70764. Upande wa pili unanyamaza kama nusu dakika, kisha unajibu 105621. Chukua kalamu ujumlishe: jibu sahihi ni 105721. Turing alieleza baadaye katika makala hayo hayo kwamba mashine inayocheza mchezo huu itapaswa kukosea kwa makusudi, maana hesabu isiyokosea kamwe ingeiumbua papo hapo. Yaani ili ifanane na mtu, mashine ijifanye mzito na mzembe. Kasoro ya mchezo ilikuwamo ndani ya mfano wenyewe: ulipima kufanana na mtu, na kufanana kunaweza kughushiwa.

Haikuchukua muda mrefu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu aliyoiita ELIZA, iliyojifanya mshauri wa wagonjwa wa akili. Kazi yake ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu kuwa swali. Ukisema una huzuni, inakuuliza tangu lini una huzuni. Hakuna zaidi. Katibu wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alikaa mbele yake siku moja, akaandika maneno machache, kisha akamwomba Weizenbaum atoke nje ya chumba awaachie faragha. Weizenbaum alishtuka, na akatumia sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki kuonya watu. Kwa Hans, muulizaji alitoa jibu kwa kichwa chake. Kwa ELIZA, alilitoa kwa moyo wake.

Mwaka 2014, katika jumba la Royal Society mjini London, programu iliyoitwa Eugene Goostman iliwalaghai asilimia 33 ya waamuzi katika mazungumzo ya dakika tano. Ilijitambulisha kuwa mvulana wa miaka 13 kutoka Ukraine. Umri huo ulificha yale isiyoyajua, na ugeni ukaficha Kiingereza chake kibovu. Magazeti yakaandika kwamba programu imefaulu mtihani wa Turing. Kilichokuwa kimefaulu ni kisingizio.

Walioona udhaifu wa mazungumzo walikimbilia michezo, ambako hakuna huruma wala kisingizio: unashinda au unashindwa. Sataranji ilikuwa mchezo wa wenye akili, basi mashine ikiuweza itakuwa imeufikia ubongo. Mwaka 1958 Herbert Simon na Allen Newell walitabiri kwamba kompyuta itakuwa bingwa wa dunia ndani ya miaka kumi. Ilichukua karibu arobaini. Februari 1996 Garry Kasparov, bingwa wa dunia, aliishinda Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, 4 kwa 2, na mji ulikuwa Philadelphia, kule kule ambako sanamu ya kilemba iliungua. Mei 1997, New York, mashine ikarudi na kumshinda 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa ikikagua hali za ubao zipatazo milioni 200 kila sekunde. Hakuna binadamu achezaye hivyo. Safari hii kabatini hamkuwa na mtu, ushindi ulikuwa wa kweli, lakini njia ya ushindi haikufundisha mengi juu ya akili ya Kasparov. Na mashine iliyomwangusha bingwa wa dunia haikuweza kuisogeza kete kwa mkono. Mhandisi alikaa mezani akiisogezea.

Hilo mtaalamu wa roboti Hans Moravec alikwisha kuliandika mwaka 1988: ni rahisi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika sataranji au mitihani ya akili, na ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Tunayoyaona magumu, kama mahesabu, tumeyaanza jana. Kutambua uso wa mama au kushika kikombe kisianguke ni kazi ambayo miili ya viumbe imeizoea kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana hatuihesabu kuwa akili.

Mtihani wa kuona ulipokuja, ulikuja na fumbo la aina yake. Fei-Fei Li na wenzake walitangaza mwaka 2009 hazina ya picha iliyoitwa ImageNet, na mashindano yake yakawataka washiriki waitambue picha katika makundi 1,000. Mwaka 2012 programu iliyoundwa Toronto ilishusha makosa hadi asilimia 15.3, wakati aliyefuata alikuwa na 26.2. Kila mwaka makosa yakashuka. Sasa ikaulizwa: binadamu yeye anakosea kiasi gani?

Andrej Karpathy, wakati huo mwanafunzi wa udaktari huko Stanford, akakaa chini kujitahini mwenyewe. Alijizoeza kwanza, kisha akapitia picha 1,500, moja moja. Tatizo lilikuwa mbwa. Makundi zaidi ya 100 kati ya yale 1,000 yalikuwa ya mbegu mbalimbali za mbwa, na kumtofautisha huyu na yule mwenye masikio karibu sawa kulimtoa jasho. Alikosea asilimia 5.1. Mwenzake aliyejizoeza kidogo kuliko yeye alikosea asilimia 12. Februari 2015 watafiti wa Microsoft wakatangaza asilimia 4.94, na dunia ikaambiwa kompyuta imempita binadamu kwa kuona. Huyo binadamu aliyepitwa alikuwa kijana mmoja na orodha ya mbwa. Muulize mfugaji wa Kimasai kuhusu mbwa hao hatajua hata mmoja. Mwekee ng'ombe mia wa boma lake, na uone nani atakosea.

Baada ya macho ikaja lugha. Hector Levesque wa Toronto alitaka mtihani usioghushika kwa maneno matamu, na mwaka 2011 akapendekeza sentensi fupi zenye utata ambao mtoto huutatua bila kujua ameutatua. Mfano wake maarufu kwa Kiswahili ungekuwa hivi: kombe halikuenea kwenye sanduku kwa sababu ni kubwa mno. Nini kikubwa? Kombe. Sasa badili neno moja: kwa sababu ni dogo mno. Nini kidogo? Sanduku. Hapo sarufi haikusaidii. Unahitaji kujua vitu vinavyoingia ndani ya vitu.

Lakini jaribu kutafsiri ukiandika mkoba badala ya sanduku. Kombe halikuenea kwenye mkoba kwa sababu ni kubwa mno. Kombe halikuenea kwenye mkoba kwa sababu ni mdogo mno. Mtihani umekwisha vuja. Ngeli imetoa jibu: kubwa ni la kombe, mdogo ni wa mkoba, na hata asiyejua kombe ni mnyama au chombo atapata alama zote. Muulizaji ameinamisha kichwa na kukinyanyua, kama kule Berlin, wala hajijui.

Mwaka 2016 mtihani wa Levesque uliposhindaniwa hadharani, mshindi hakufika asilimia 60. Miaka mitatu baadaye, programu zilizolishwa bahari ya maandishi ya intaneti zilikuwa zimefika karibu asilimia 90, na watafiti wakakuta kwamba nyingi ya sentensi zile zilikuwa na vidokezo vya maneno yanayopenda kuandamana. Wakaanza kutunga upya.

Kuanzia hapo mitihani ilizeeka haraka kuliko watunzi wake. Mwaka 2020 Dan Hendrycks na wenzake walitoa mtihani mkubwa wenye masomo 57, kuanzia hesabu za shule hadi sheria na utabibu. Programu bora ya wakati huo, GPT-3, ilipata asilimia 43.9, wataalamu wa binadamu walikadiriwa kupata karibu 90. Miaka minne baadaye pengo hilo lilikuwa limezibika. Machi 2023 kampuni ya OpenAI ilisema GPT-4 imepata alama za kuiweka katika asilimia 10 ya juu ya watahiniwa wa uwakili Marekani. Eric Martínez, mtafiti wa MIT, alipochunguza, alikuta kulinganisha huko kumeegemea mtihani wa Februari, ambao hujaa waliokwisha feli na kurudia. Alipoilinganisha na waliofaulu, iliangukia karibu katikati, na kwenye insha chini zaidi. Ukitaka kuwa mrefu, chagua wa kusimama naye.

Ugonjwa mwingine ni ule unaojulikana na kila mwalimu anayefundisha darasa la mtihani wa taifa. Programu hizi zimesoma karibu kila kilichoandikwa, zikiwamo pepa za miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Je, zinajua au zimekariri? Oktoba 2024 watafiti wa Apple walichukua maswali ya hesabu za shule ya msingi, wakabadili majina na namba, na alama zikashuka. Kisha wakaongeza neno lisilohusika. Oliver anachuma matunda 44 Ijumaa, 58 Jumamosi, na Jumapili mara mbili ya Ijumaa, ila matano kati yake ni madogo kidogo. Ana mangapi? Jibu ni 190, maana tunda dogo nalo ni tunda. Programu zenye sifa zikatoa matano, zikajibu 185. Katika maswali ya namna hiyo alama za baadhi ya programu ziliporomoka kwa asilimia hadi 65.

Mtafiti François Chollet alikuwa ameyaona haya mapema. Mwaka 2019 aliandika kwamba kupima umahiri wa kazi moja hakupimi akili, kwa sababu umahiri unanunulika kwa mazoezi na data. Akili ni wepesi wa kujifunza jambo usilolijua. Akatunga mafumbo ya miraba yenye rangi: unaonyeshwa mifano michache, unagundua kanuni, unaitumia kwenye mraba mpya. Kila fumbo lina kanuni yake, kwa hiyo ya kukariri ni machache. Kwa miaka mitano mashine zilihangaika nayo. Desemba 2024 programu ya OpenAI iitwayo o3 ikapata asilimia 75.7, na 87.5 ilipoachiwa kutumia nguvu ya kompyuta mara 172 zaidi. Machi 2025 likatoka toleo la pili, gumu zaidi kwa mashine, ambalo kila fumbo lake limetatuliwa na watu wasiopungua wawili. Mashine zote zilizojaribiwa wakati wa kulizindua hazikufika asilimia 10. Watu wengine wakalalamika kwamba goli linahamishwa. Linahamishwa, ndiyo, kama mtahini anavyotunga pepa jipya akigundua la zamani liko mitaani.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumeingia kwenye historia hii kwa mlango wa tafsiri. Mtihani ule wa masomo 57 sasa upo kwa Kiswahili, na ndani yake zimo sheria na historia ya Marekani. Uchunguzi wa mwaka 2024 uliopitia mtihani huo kwa ajili ya lugha 42, Kiswahili kikiwamo, ulikuta kwamba asilimia 28 ya maswali yanadai ujuzi wa utamaduni fulani, na kwamba katika yale yanayodai ujuzi wa jiografia, asilimia 84.9 yanahusu Amerika Kaskazini au Ulaya. Programu ikipata alama za juu humo, inajua Kiswahili cha kuzungumzia mambo ya watu wengine. Ni yale maswali ya besiboli ya mwaka 1917, safari hii yamevaa kanga.

Kuna mtihani mmoja ulioshika njia nyingine. Mwaka 2020 watafiti wa Google walitoa mkusanyo wa maswali na majibu uitwao TyDi QA, wa lugha 11, na Kiswahili ni mojawapo. Hawakutafsiri. Waliwaendea wasemaji wa kila lugha, wakawaomba waandike maswali kwa lugha yao, kwa sharti moja: uliza jambo unalotaka kulijua na ambalo jibu lake hulijui. Mwenye swali akaandika lake. Jibu likatafutwa baadaye. Kwa hiyo swali halikubeba maneno ya jibu ndani yake, maana aliyeuliza hakuwa nayo ya kubeba.

Sharti hilo ndilo Pfungst aliloliweka katika ua wa Berlin, siku watu wawili walipomnong'oneza farasi namba mbili, na hakuna aliyejua jumla.